Kabla ya Kukubali Chaja Yako Ipangiwe Saa

Mwongozo kwa wamiliki wa magari, bajaji na pikipiki za umeme

Chombo cha umeme kinapoingia nyumbani, kinaingia pamoja na swali ambalo mwenye chombo cha petroli hakuwahi kuulizwa: je, uko tayari kuiachia taasisi nyingine ikuamulie saa ya kujaza nishati? Mwenye pikipiki ya petroli hununua lita zake wakati wowote kituo kikiwa wazi. Mwenye pikipiki ya umeme huweza kuombwa na msambazaji wa umeme, muuzaji wa chombo au kampuni ya chaja akubali betri yake ijazwe usiku wa manane badala ya jioni, kwa ahadi ya bei nafuu au zawadi nyingine.

Ombi hilo lina faida kwa jamii nzima, nasi hatumshauri mtumiaji alikatae. Tunamshauri alielewe. Katika makala haya tunaeleza mpango wa namna hiyo unavyofanya kazi, sababu ya kubuniwa kwake, gharama zake kwa mkazi wa kata kama Mungaa, wilayani Ikungi, mkoani Singida, na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyapata kwa maandishi kabla ya kutia saini.

Maana ya kuchaji kwa mpango

Katika uchaji wa kawaida, betri huanza kujazwa mara tu plagi inapochomekwa na huendelea hadi ijae. Katika uchaji wa mpango, kuchomeka plagi ni hatua ya kwanza tu. Chaja husubiri saa iliyopangwa, au hupunguza nguvu pale laini inapoelemewa, kisha huongeza nguvu mzigo unapopungua. Kinachotakiwa ni betri iwe imejaa kabla ya saa ambayo mwenyewe amesema atahitaji kuondoka.

Mpango huo huwa wa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya bei: umeme wa saa fulani huuzwa kwa bei ndogo, na mtumiaji mwenyewe huamua kama atasubiri. Namna ya pili ni ya udhibiti: mtumiaji hukubali kwamba msambazaji au kampuni iwashe na kuzima chaja kwa mbali, kupitia mtandao. Tofauti kati ya namna hizi mbili ni kubwa. Katika ya kwanza, uamuzi hubaki mikononi mwa mwenye nyumba kila siku. Katika ya pili, huwa ameukabidhi. Anayeombwa kujiunga aulize mapema ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa nini saa ina uzito

Wengi hudhani tatizo la umeme daima ni uchache wa mitambo ya kuuzalisha. Tanzania sasa ina Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Mkoa wa Singida wenyewe uko kwenye njia kuu za umeme: laini ya msongo wa kilovoti 400 itokayo Iringa hupita Dodoma na Singida hadi Shinyanga, na Singida ndiko inakoanzia laini ya msongo huohuo iendayo Arusha na Namanga hadi Isinya nchini Kenya.

Hata hivyo, umeme mwingi unaopita juu ya mkoa haumaanishi nguvu isiyo na kikomo katika kila kitongoji. Kati ya laini kuu na nyumba ya mtumiaji kuna mahali pembamba, yaani transfoma ya mtaa na nyaya zinazotoka humo. Maji ya bwawa yanaweza kusubiri. Transfoma haiwezi kupitisha zaidi ya uwezo wake bila kupata joto, kuchoka na hatimaye kuungua.

Tuchukue transfoma yenye uwezo wa kVA 50 kwa mfano. Chaja ndogo ya pikipiki huvuta takriban nusu kilowati, hivyo pikipiki kumi zikichajiwa pamoja huvuta kilowati 5. Huo ni mzigo unaobebeka. Chaja ya gari iliyofungwa nyumbani kwa njia moja ya ampea 32 huvuta zaidi ya kilowati 7. Magari saba yakianza kuchajiwa kwa wakati mmoja yanaimaliza transfoma hiyo yote, kabla ya taa hata moja kuwashwa.

Hapo ndipo saa inapopata uzito. Mchana, mashine za kusaga nafaka na za kukamua alizeti ndizo zinazovuta umeme. Jioni, mashine zinapozimwa, huwashwa taa, runinga, pasi na majokofu ya maduka. Baada ya saa 5 usiku nyumba nyingi hulala na transfoma hupumua. Betri inayojazwa saa hizo haimnyimi mtu kitu. Inayojazwa saa 2 usiku hushindana na jirani, na aliye mwisho wa laini ndiye wa kwanza kuona taa zake zikififia.

Kwa hiyo mpango wa kuchaji, ukiandaliwa vizuri, huwakinga wote wanaotumia transfoma moja, hata wasio na chombo cha umeme. Kwa kuwa faida hiyo ni ya wote, ni haki anayekubali kusubiri apate fungu lake.

Bei ya usiku: ahadi ya kuichunguza

Mtumiaji asikie jambo hili waziwazi. Kwa bei za umeme zilizowekwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) mwaka 2016, wateja wa majumbani hawana bei ya mchana na bei ya usiku. Uniti inayotumika saa 2 usiku na inayotumika saa 9 usiku gharama yake ni moja. Kinachobadilisha bei ni wingi wa uniti na daraja la mteja. Daraja D1, la wateja wa majumbani ambao wastani wa matumizi yao hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi 75. Daraja T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Viwango hivi ni kabla ya kodi na tozo.

Kwa sababu hiyo, muuzaji wa chaja anayekuambia kwamba kifaa chake kitakupunguzia bili kwa kuchaji usiku aonyeshe punguzo hilo linatoka wapi. Je, kuna bei iliyoidhinishwa na EWURA? Je, kampuni yenyewe italipa tofauti? Ikiwa hakuna jibu la maandishi, chaja hiyo inaweza kuwa nzuri kwa mambo mengine, lakini isinunuliwe kwa ahadi ya bili ndogo.

Kwa jirani zetu bei za saa zipo. Nchini Kenya, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA) iliweka kuanzia Aprili 2023 bei maalumu ya vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti katika saa za kawaida, na shilingi 8 katika saa ambazo mahitaji hupungua, kabla ya kodi na tozo. Sababu yake inaeleweka. Mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria huweza kuzalisha usiku kucha, na umeme wake usipopata mnunuzi, mvuke hupotea hewani. Nchini Uganda, wateja wa biashara na viwanda wamekuwa wakigawiwa siku katika vipindi vitatu. Bei ya juu huanza saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, na ya chini huanza hapo hadi saa 12 asubuhi. Rwanda nayo, mwaka 2021, iliviwekea vituo vya kuchaji bei ya umeme ya viwanda, pamoja na misamaha ya kodi kwa vyombo vyenyewe.

Mifano hii inaonyesha kwamba bei ya saa si jambo geni Afrika Mashariki. Inaonyesha pia kwamba hushuka pale mamlaka ya udhibiti inapoitangaza. Kifaa peke yake hakiwezi kuishusha.

Hesabu ya dereva wa bodaboda

Tumfikirie dereva wa bodaboda anayeishi Mungaa. Nyumba yake hutumia uniti 30 kwa mwezi. Yuko daraja D1, hivyo hulipa shilingi 3,000 kabla ya kodi na tozo. Ananunua pikipiki ya umeme yenye betri ya uniti 2.5. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji, tuseme kila kujaza kunahitaji uniti 2.75. Akifanya kazi siku 26, pikipiki itakula takriban uniti 72. Jumla ya nyumba na pikipiki ni uniti 102.

Mwezi wa kwanza, akiwa bado D1, atalipa shilingi 7,500 kwa uniti 75 za mwanzo na shilingi 9,450 kwa uniti 27 zilizozidi, yaani shilingi 16,950. Lakini wastani wake ukiendelea kuwa juu ya uniti 75, hastahili tena daraja hilo. Akihamishiwa T1, uniti zote 102 zitahesabiwa kwa shilingi 292, na malipo yatakuwa shilingi 29,784. Umeme wa taa za watoto, uliokuwa shilingi 100 kwa uniti, nao umepanda.

Je, kuchaji usiku wa manane kungemwokoa? Kwa bei hizi, hapana. Kinachoweza kumsaidia ni kwenda ofisi ya TANESCO kabla ya kununua chombo, na kuuliza kama anaweza kufungiwa mita ya pili kwa ajili ya kuchajia. Mita ya nyumba ikibaki D1 na ya pikipiki ikiwa T1, jumla ingekuwa shilingi 24,024, pungufu ya shilingi 5,760 kila mwezi.

Hesabu hii haimkatazi mtu kununua chombo cha umeme. Dereva azidishe lita anazotumia kwa mwezi na bei kikomo ya petroli ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kisha alinganishe. Mara nyingi umeme utashinda. Tunachotaka ni ushindi huo uhesabiwe kwa bei halisi, na daraja la D1 lisipotee bila mwenyewe kujua.

Kuhusu saa, dereva huyu hana cha kupoteza. Chaja ya nusu kilowati huhitaji saa tano na nusu. Akianza saa 5 usiku, betri itajaa saa 10 na nusu alfajiri, naye huanza kazi saa 12 asubuhi. Anaweza kuwasaidia majirani zake bila kuombwa na yeyote, kwa kuchelewa tu kuchomeka plagi, au kwa kutumia chaja yenye saa ya kujiwasha.

Sababu za kusita, na namna ya kuzijibu

Wanaoombwa kujiunga na mipango ya namna hii husita kwa sababu nne za msingi, na zote ni za haki.

Ya kwanza ni dharura. Mama akishikwa na uchungu saa 4 usiku na anapaswa kufikishwa Hospitali ya Makiungu, mwenye pikipiki hawezi kumwambia kwamba betri inasubiri saa yake. Mpango unaofaa huwa na mambo mawili: kiwango cha chini ambacho betri hujazwa papo hapo bila kusubiri, na kitufe cha kuvunja ratiba wakati wowote bila faini. Nchini Uingereza, tangu tarehe 30 Juni 2022, kanuni zinazitaka chaja mpya za majumbani za magari ziuzwe zikiwa zimepangwa kukwepa saa za msongamano, yaani saa 2 hadi saa 5 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 4 usiku katika siku za kazi. Lakini kanuni hizohizo zinamhifadhia mwenye gari haki ya kubadili mpangilio huo. Zinataka pia kila chaja iweze kuchelewa kuanza kwa muda wa kubahatisha, ili maelfu ya chaja zisiwake kwa dakika moja na kuleta msongamano mpya saa bei inaposhuka.

Ya pili ni betri. Kuchelewesha kuchaji au kupunguza kasi yake hakuiumizi betri. Kuna aina nyingine ya mpango, ambamo umeme huchotwa kutoka kwenye betri na kurudishwa kwenye gridi. Huo huongeza mizunguko ya betri, hivyo unahitaji mkataba wa peke yake, malipo ya peke yake, na uthibitisho wa mtengenezaji kwamba dhamana haitafutika.

Ya tatu ni siri za nyumba. Chaja iliyounganishwa na mtandao hujua lini uko nyumbani, lini umeondoka na lini umelala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani. Kampuni isiyoweza kueleza hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka haijastahili saini yako.

Ya nne ni imani. Mtu hukubali kukabidhi saa zake kwa yule anayeamini kwamba atazirudisha. Ahadi ya mdomo haitoshi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na makubaliano bila maandishi hupotea vivyo hivyo.

Wasiochaji nyumbani

Dereva anayebadilisha betri kituoni, kwa utaratibu ulioanza kutumika Kigali mwaka 2019 na kampuni ya Ampersand na kuenea katika miji mingine, hatiliani saini na msambazaji wa umeme. Anayepanga saa ni mwenye kituo, naye ana sababu nzuri ya kufanya hivyo. Kituo kinachozidi wastani wa uniti 7,500 kwa mwezi huingia daraja T2, ambalo hulipa shilingi 195 kwa uniti na, juu ya hapo, shilingi 15,004 kwa kila kVA ya mzigo wa juu kabisa uliofikiwa mwezi huo. Chaja 40 za kilowati moja zikiwashwa pamoja, gharama ya mzigo itakuwa takriban shilingi 600,160. Zikiwashwa kwa zamu, 20 kwa 20, itakuwa shilingi 300,080. Kwa hiyo dereva aulize jambo moja: je, nafuu hiyo inaonekana katika bei ya kubadilisha betri, au inaishia mfukoni mwa kituo?

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

1. Nani ataamua saa ya kuchaji: mimi au ninyi?
2. Nafuu yangu ni shilingi ngapi, na imeidhinishwa au kuandikwa wapi?
3. Betri itajazwa hadi kiwango gani bila kusubiri?
4. Naweza kuvunja ratiba mara ngapi, na kuna faini?
5. Mtandao ukikatika, chaja itaendelea kufanya kazi?
6. Taarifa zangu zitatunzwa na nani, na kwa muda gani?
7. Naweza kujitoa lini, na chaja itabaki kuwa mali yangu?
8. Umeme utachotwa kutoka kwenye betri yangu?

Asiyejibiwa swali la pili, la tatu na la nne asitie saini.

Usalama na malalamiko

Kuchaji usiku kunamaanisha kuchaji watu wakiwa wamelala. Nyaya za soketi ya kuchajia zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Betri isichajiwe chumba cha kulala wala karibu na mlango pekee wa kutokea, na waya wa kuunganishia usitumike badala ya soketi. Tumia chaja ya mtengenezaji wa chombo, na ukague alama ya ubora ya TBS.

Lalamiko la umeme, bei au mita lipelekwe kwanza TANESCO kwa maandishi, na mlalamikaji abaki na nakala. Asiporidhika, alipeleke EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kumsaidia kuandaa lalamiko hilo. Udanganyifu katika uuzaji wa chombo au chaja upelekwe Tume ya Ushindani, na matumizi mabaya ya taarifa yapelekwe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Saa za usiku zina thamani kwa mwenye transfoma na kwa jirani. Mwenye betri akikubali kuzitoa, azitoe akijua thamani yake, akiwa na mkataba unaomrudishia uamuzi siku mgonjwa atakapobisha hodi.